Nililitoa Pikipiki Sadaka, Likarudi na Baraka

Walisema lile pikipiki la mwanangu lilishaua mtu. Lilimuua kule Kenya, likaoshwa damu, likafunikwa magunia ya vitunguu, likapita mpakani Holili kama mzigo mwingine wowote. Na kwamba pikipiki likishaua mara moja huwa limeonja.

Maneno hayo nilipewa asubuhi kwenye kituo cha maziwa na Elisifa, jirani yangu, mtu ambaye hajawahi kupanda hata baiskeli. Nikamwambia aache uzushi. Maziwa nikayaacha pale kituoni, uzushi nikarudi nao nyumbani.

Kwa ambaye wiki iliyopita gazeti lilimpita: mimi ni Mama Given wa Old Moshi, darasa la saba, mjane, ng'ombe wawili na migomba. Given ndiye mtoto wangu wa pekee. Alikuwa anapandisha wageni mlimani, kazi nzuri, tipu za dola, mpaka alipoingiwa na haya mashindano ya pikipiki za kuruka matuta. Akauza vifaa vyake vya mlima, akaongezea na mtamba wangu, akaja na pikipiki lisilo na taa, lisilo na namba, lisilo na honi, wala kiti cha kumpakia mama yake kwenda kanisani. Hata ufunguo halina. Linapigwa teke ndipo linaamka.

Na wiki iliyopita nilimalizia kwenye ugomvi wa sufuria. Niliona sponji limeanikwa kwenye kamba ya nguo, nikalitumia kuoshea sufuria ya machalari, zile ndizi zetu za nyama. Kumbe ndilo linalochuja vumbi lisiingie kwenye injini. Given akaninunia, na pikipiki likawa linanukia ndizi.

Sasa tuendelee.

Uvumi wa Elisifa ulikataa kutoka kichwani. Nikikamua, namwona yule maiti wa Kenya amekaa nyuma ya Given, ingawa nyuma hakuna kiti. Nikisali, yupo. Nikila ndiyo kabisa.

Siku moja nikamuuliza Given kistaarabu kama alipokuwa analinunua aliangalia damu. Akacheka mpaka spana ikamdondoka. Alikuwa amelifungua lote sebuleni. Ndiyo, sebuleni, maana ndiko lilikokuwa linalala. Sofa lilikuwa barazani na kuku wanalitagia.

Msione pikipiki za namna hiyo zinaruka mkadhani zinaishi maisha rahisi. Kila likitoka kukimbia linarudi kulazwa kama mgonjwa wa wodini. Sponji linatolewa linaogeshwa, linapakwa oili, linarudishwa. Spoki zinakazwa moja moja. Mnyororo unapigwa mswaki, na ule mswaki ulikuwa wangu. Watu wa kawaida wanahesabu kilomita, Given alikuwa anahesabu masaa, na masaa yakitimia anabadilisha pistoni. Gari la mchungaji tulilichangia usharika mzima, na mpaka leo hakuna aliyewahi kulitajia pistoni.

Basi Given akafuta mikono, akaniuliza kama nataka kuongea na marehemu mwenyewe. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama," sauti ikasema.

Nikaitika marahaba kabla sijajua ninamwitikia nani. Alikuwa anaitwa Urbanus, yuko Voi, anauza vipuri. Nikamuuliza kama ni mzima. Akasema ni mzima, ila ameoa. Pikipiki aliliuza kwa sababu mke alimwambia achague, yeye au hilo.

"Nikachagua mke, mama. Yeye hanywi petroli."

Given akakata simu ananiangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwingine hapo angetulia. Mimi ndiyo nikaona jambo lenyewe sasa waziwazi. Urbanus alikuwa hai kwa sababu alikuwa na mtu wa kumkataza. Given hana mke. Ana mimi tu. Basi kama kijana huyu anazikwa au hazikwi, mwenye kuamua ni mimi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Mavuno.

Utaratibu wetu sisi Walutheri wa huku mlimani mnaujua. Kila nyumba inapeleka ilichojaliwa: mkungu, kuku, mayai, debe la mahindi kutoka shamba la chini. Vinaombewa, halafu ibada ikiisha vinatolewa nje, vinanadiwa. Na kilichokwishapita madhabahuni hakuna wa kukirudisha. Mtoto anaweza kumdai mama yake. Kumdai Mungu, hapo atafute wakili.

Given alikuwa ameshuka mjini tangu Jumamosi kufuata mnyororo mpya, akalala kwa rafiki yake mtaa wa Soweto. Mimi nikawaita vijana wawili wa jirani. Kutoka kwangu mpaka kanisani ni mteremko mtupu. Nikalifunga lile pikipiki kitenge changu cha harusi ya mdogo wangu, nikaweka maua kwenye usukani, likashuka lenyewe taratibu kama bibi harusi asiye na haraka.

Tukaingia nalo kanisani nyuma ya mama aliyekuwa na kondoo. Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa anayesimamia sadaka, akanivuta pembeni kuuliza kama kitu hicho ni changu. Nikamjibu kwamba kilichomo nyumbani kwangu ni changu. Sikudanganya. Nilifupisha tu.

Mnada ukaanza. Mikungu ikaenda, kondoo akaenda, mayai yakaenda mengine yakiwa yameshapasuka. Ndipo Mzee Ebenezeri, ambaye akishika kipaza sauti anakuwa mtu mwingine, akasimama mbele ya pikipiki akalizunguka.

"Haina taa, wapendwa, kwa hiyo mtatembea kwa imani. Haina honi, kwa hiyo haitamsema mtu. Nani anaanza?"

Watu wakacheka, hakuna aliyeanza. Mzee mmoja akauliza kama linaweza kukata majani ya ng'ombe. Mwingine akataka injini peke yake, imvutie maji ya mfereji. Nikaanza kutoka jasho. Nikajiona ninalisukuma kurudi nalo ule mlima wote.

Hapo ndipo mkono ukainuka nyuma. Alikuwa shemeji yangu Godlove, mdogo wake marehemu mume wangu, amekuja kutoka Dar na miwani yake na gari lake lenye kubeba mizigo. Akataja bei moja tu, hakuna aliyethubutu kuongeza. Nami nikashusha pumzi. Dar ni mbali. Lile pikipiki lingeenda kupata kutu ya bahari huko, na mimi ningezeeka na mtoto wangu.

Kwa furaha ile nikasahau kitu ambacho hata mtoto wa kipaimara anakijua. Kwenye mnada wetu mwenye uwezo akinunua hachukui. Anatunuku. Kuku ananunuliwa anapewa mchungaji. Mkungu unanunuliwa anapewa bibi asiye na mtu.

Godlove akaomba kipaza sauti.

"Mimi namtunuku shemeji yangu, Mama Given," akasema. "Ametoa kilicho kizuri kuliko vyote nyumbani kwake. Na Jumamosi kijana wetu akashindane nayo kule chini, kanisa zima tukamsindikize."

Vigelegele. Wanakwaya wakasimama. Wanawake wenzangu wakanizungushia mikono wakicheza, na mimi katikati nimekauka kama gogo. Mchungaji akaja akaweka mikono kwenye tangi la mafuta, akaliombea pikipiki kwa kirefu, tairi la mbele na tairi la nyuma, na breki, na mwenye kuliendesha, na mama mwenye moyo wa kutoa.

Aliposema amina, Given alikuwa amesimama langoni na mnyororo mpya shingoni. Kuna mtu alikuwa ameshampigia simu.

Nilijua atanifokea mbele ya watu. Hakufoka. Akalitazama pikipiki, akatazama kitenge, akanitazama mimi, akaanza kucheka kimyakimya mpaka machozi.

"Kwa hiyo sasa ni yako," akaniambia.

"Ni yangu."

"Basi mwenye mali ndiye anayeihudumia. Kesho unavaa gauni la shambani."

Njiani, tunasukuma wote wawili, kicheko kikamwisha. Akauliza bila kunitazama.

"Mama, wewe hasa unaogopa nini?"

"Kukuzika."

Akalipitisha pikipiki pembeni ya jiwe. Halafu akasema hata mlimani watu wanakufa, na huko nilikuwa namfungia chakula mwenyewe.

"Mlimani unapanda polepole," nikamwambia. "Kama kifo kipo kinakuona unakuja, mnaelewana."

Akainama. Akasukuma.

Kukataa nilikuwa siwezi tena. Baba mdogo wake ametamka, mchungaji ameomba, kwaya imeshaanza kushonesha sare ya kwenda mashindanoni. Ningesimama mbele ya nani niseme sadaka ile ilikuwa ujanja?

Basi wiki nzima nikawa fundi. Nilishika taa ya simu, nilishika spana, nilijua boliti gani inakaa wapi. Nililiosha lile sponji mwenyewe, safari hii kwa utaratibu wake, nikalikamua polepole bila kulisokota. Niwaambie ukweli, kuna jioni moja tulikaa chini pale sebuleni, mafuta mpaka kwenye viwiko, Given ananihadithia anavyojisikia akiwa juu hewani, na sikumbuki mara ya mwisho mtoto huyu kuniambia maneno mengi namna ile. Nikasema moyoni, lile pikipiki pia lina kazi yake.

Nikatazama goti lake lenye kovu la mwezi uliopita, nikarudi kwenye msimamo wangu.

Somo la mwisho lilikuwa la mafuta, Given akila chakula cha usiku. Injini yake ni ya kuchanganya, kama chenso ya kukatia miti. Oili haikai pembeni kwenye nyumba yake. Inachanganywa na petroli kwenye kidumu, kwa kipimo, ndipo inamiminwa kwenye tangi.

"Na usipochanganya?" nikauliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya.

"Inakufa," akasema, akaendelea kutafuna.

Neno hilo nikalibeba nikalala nalo. Mimi kitu kinachokufa kwa kukosa mafuta nilikuwa nakijua kimoja tu, koroboi. Utambi unakauka, mwanga unafifia, giza. Hakuna anayeumia. Nikajua na pikipiki litakuwa hivyo. Atalipiga teke, litakohoa, litakataa, atatukana kidogo, tutarudi nyumbani. Injini ife yenyewe, mbele ya kanisa zima, bila mkono wa mtu. Hata nyama ya mtori, supu yetu ya ndizi, nilikuwa nimeshaibandika, ya kumbembelezea.

Asubuhi ya Jumamosi Given akaingia kuoga, akaniachia kidumu na chupa ya oili. Akaniambia mwenye pikipiki achanganye.

Oili nikaimwaga kwenye shina la mgomba. Nikabakiza kijiko kimoja, nikakitia kwenye petroli kwa ajili ya rangi tu, kama mtu anavyotia maziwa kwenye chai ya mgeni asiyempenda. Nikatikisa. Nikamimina. Nikanawa mikono.

Tukashuka kwa gari la Godlove, pikipiki limefungwa kamba nyuma, tukapita Rau mpaka kwenye kiwanja chenyewe. Vumbi, matuta, miti ya kivuli, watu kama wa mnada wa ng'ombe. Kwaya ilikuwa imeshafika na sare. Mzee Ebenezeri alikuwa na kofia ya jua na filimbi, sijui alipewa na nani.

Wakaitwa mstarini. Given akavaa kofia yake, akanitafuta kwa macho, akalipiga teke.

Likaamka kwa teke la kwanza.

Na likaamka vizuri. Siku zote huwa linatoa moshi wa buluu, siku hiyo hata moshi halikutoa. Godlove akanigeukia akasema shemeji, umelitunza. Bendera ikashuka, wakaondoka, na mwanangu akawa wa tatu, halafu wa pili.

Nikakaa chini kwenye majani. Nikasema basi, Mungu amekataa mpango wangu, na amelikubali pikipiki. Nikaona hata aibu. Nikaanza kufurahi kidogo.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja anakula hindi la kuchoma. Akaniambia anaitwa Anyesi, ametoka huko kwenye mashamba ya miwa, na mwanawe Blessing naye alikuwa anashindana zamani. Akauliza wangu yupi. Nikamwonyesha. Hadi hapo tulikuwa tunaongea kama wamama wowote.

"Anajua," akasema. "Wangu aliacha. Nyonga ilivunjika."

Nikamwambia pole, nikauliza kama aliruka vibaya.

"Aliruka vizuri sana. Ni siku waliyosahau kuchanganya oili kwenye mafuta."

Hindi likaendelea kutafunwa. Mimi nikamgeukia.

"Si inazima tu," nikasema.

"Ingezima tu ningempelekea Mungu kondoo. Haizimi, dada. Inakimbia vizuri kuliko siku zote, inajipasha moto. Ikishakauka humo ndani inajifunga ikiwa kwenye kasi, na tairi la nyuma linagoma kuzunguka. Pikipiki inasimama. Mtoto anaendelea."

Nikauliza inachukua muda gani. Akafikiri, akatoa punje kwenye jino.

"Inategemea anavyoibana kwa kasi. Mizunguko michache."

Wakati huo Given alikuwa anapita mbele yetu kwa mara ya tatu, anaongoza, anaibana.

Nikainuka. Viatu nikaviacha pale. Nikapita chini ya kamba, kijana mwenye bendera akanikamata mtandio nikamwachia. Nikakimbia katikati ya njia ya mashindano, gauni nimelishika, mama wa miaka yangu, vumbi mpaka kooni.

Kwaya iliponiona ikadhani Roho ameshuka. Wakaanza pambio. Mzee Ebenezeri akapuliza filimbi na kusema haleluya, na wanawake wawili wakaingia nyuma yangu wakirukaruka ili nisiwe peke yangu kwenye upako. Godlove alikuwa anapiga picha.

Nikafika chini ya tuta kubwa kuliko yote. Upande wa pili nilikuwa nausikia mlio unapanda. Nikafungua kitenge kiunoni nikaanza kukipunga, nikapiga kelele kwa sauti ambayo nadhani mpaka Rau walinisikia, kwamba hamna oili, Given, hamna oili, nimeimwaga mimi.

Kwaya ikakatika katikati ya neno. Mzee Ebenezeri akashusha filimbi. Kanisa zima limesikia.

Given akatokea juu ya tuta. Nilimwona vizuri, kofia imenigeukia, matairi yote mawili hewani, na nyuma yake anga na mlima. Na huko huko juu mlio ukakatika. Tairi la nyuma lilikuwa halizunguki.

Kina mama wenzangu, alivyotua nitawaambia wiki ijayo; wakati yuko bado hewani, shikeni haya:

Usichukue habari za mtoto wako kwenye kituo cha maziwa.

Usimtolee Mungu sadaka ya kitu unachotaka kukitupa.

Usipeleke kitu mnadani kama shemeji mwenye uwezo yuko likizo.

Usiridhike na jibu la neno moja kutoka kwa kijana anayetafuna. Muulize inakufaje.

Usitie oili kwa ajili ya rangi.

Usikubali kuitwa mwenye moyo wa kutoa wakati unajua ulichotoa.

Na usifanye kwa siri jambo ambalo ungeweza kukaa chini sebuleni, mafuta mpaka kwenye viwiko, ukalilia mbele yake.